Nampinga imamu wangu, na bado naswali nyuma yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kwamba Mwislamu asiyeridhika na uamuzi wa sheikh wake ana njia mbili tu: anyamaze na kutii, au achukue msala wake akaswali msikiti mwingine. Msomaji huyo aliandika kwa adabu na sina shaka na nia yake. Hata hivyo, naona kwamba njia hizo mbili ndizo zilizotufikisha Waislamu wa Uganda hapa tulipo, na kwamba ipo njia ya tatu, ambayo haikuzuliwa na wasomi wa siku hizi bali imo ndani ya swala yenyewe.

Kila aliyepita chuoni utotoni alifundishwa la kufanya imamu anapokosea. Akisimama kwenda rakaa ya tano katika adhuhuri, maamuma, yaani wanaoswali nyuma yake, hawaruhusiwi kujifanya hawajaona: mwanamume husema "Subhanallah" kwa sauti ya kumfikia imamu, na mwanamke hupiga kofi. Akikwama katika aya, aliye nyuma yake humsomea pale aliposahau. Imamu akiendelea na kosa lake, na maamuma ana yakini kuwa rakaa nne zimetimia, basi kwa madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu nchini humu, hamfuati katika hiyo ya tano. Atabaki ameketi amsubiri, au atanuia kujitenga naye na kuimaliza swala yake. Hakuna mahali tulipofundishwa kwamba rakaa ya tano inakuwa halali kwa sababu aliyeisimamia ni imamu, na hakuna mahali tulipofundishwa kwamba kosa hilo ni sababu ya kuvaa viatu na kuondoka. Kijana aliyebaleghe mwaka jana ana haki hiyo ya kumkumbusha imamu aliyesoma Madina, na imamu huyo hana ruhusa ya kumkasirikia.

Ninayasema haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika msikiti wa mtaa wetu hapa Mbale. Sitautaja msikiti, wala sheikh, wala marehemu, kwa kuwa waliokuwapo wanajua na wasiokuwapo hawahitaji majina ili kuielewa hoja.

Marehemu alikuwa fundi mwashi. Mahali tunapotawadhia, na ile ngazi ya zege inayoteremka kutoka barabarani, alivijenga kwa mikono yake bila kudai ujira. Siku ya harambee ya kuongeza ghorofa aliahidi mifuko kumi ya saruji, akaleta mitatu, kisha sukari ikampanda, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na mifuko saba ikabaki kwenye daftari la kamati. Ni kweli pia kwamba kabla ya ugonjwa alikuwa amesimama katika mkutano na kuuliza ni kwa nini hesabu za mradi hazisomwi mbele ya waumini. Siwezi kudai kwamba swali hilo lilihusika na yaliyofuata, kwa kuwa yaliyomo moyoni mwa mtu hayajui ila Mola wake. Nalitaja tu kwa kuwa watu wengi mtaani wanalitaja.

Siku ya mazishi jeneza lilitolewa nyumbani baada ya alasiri na kuwekwa uani mwa msikiti. Kabla ya swala mtoto mkubwa wa marehemu alisimama, kama ilivyo desturi yetu, akasema kwamba yeyote anayemdai baba yao amfuate yeye, kwani deni la baba yake sasa ni deni lake. Watu waliitikia. Hapo sheikh akaomba kipaza sauti, akasema kwamba marehemu amekufa na ahadi ya nyumba ya Mwenyezi Mungu shingoni mwake, na kwamba yeye hatamswalia mtu wa namna hiyo, ili wengine wazingatie. Akatoka mbele ya jeneza na kusimama pembeni karibu na mapipa ya maji. Tulitazamana. Mwadhini wetu, mzee ambaye hata kusimama kwa muda mrefu ni taabu kwake, alipita mbele, akapanga safu, akapiga takbira zake nne, na maiti akachukuliwa kwenda makaburini. Ijumaa iliyofuata sheikh alisema juu ya mimbari kwamba amesikia watu wananong'ona, na kwamba anayewanong'ona maulamaa anawanong'ona warithi wa Mitume.

Sheikh wetu si mtu mjinga, na alichofanya kina asili katika mafundisho; ingekuwa ni kukosa insafu kuliacha hilo bila kulisema. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Salama bin Al-Akwa, kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa akiwa na deni la dinari tatu bila kuacha cha kulilipa, naye akawaambia Masahaba: "Mswalieni mwenzenu." Yeye mwenyewe hakumswalia. Wapo maulamaa waliotoa humo, na katika mapokezi mengine kama lile la mtu aliyeiba kutoka katika ngawira, yaani mali iliyotekwa vitani, kwamba kiongozi anaweza kujizuia kumswalia mtu fulani ili kuwaonya walio hai. Hiyo ndiyo hoja ya sheikh, na ningekuwa mwanafunzi wake ningeiandika hivyo hivyo kwenye daftari langu.

Lakini mapokezi hayo yana mwisho wake, na mwisho huo haukusomwa siku ile. Abu Qatada alisema: Mswalie, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, deni lake liko juu yangu. Na Mtume akamswalia. Yaani kizuizi kiliondoka pale pale, mara tu aliposimama mtu mmoja na kulibeba deni, kabla hata dinari moja haijabadilisha mikono. Mtoto wa marehemu wetu alikuwa amekwisha kusimama na kusema maneno hayo hayo, mbele ya sheikh huyo huyo, dakika chache kabla ya kipaza sauti kuombwa. Ikiwa tunafuata Sunna katika kujizuia, kwa nini tusiifuate katika kukubali dhamana? Zaidi ya hayo, Abu Huraira anapokea kwamba Mwenyezi Mungu alipomfungulia Mtume milango ya riziki, alisema kwamba yeye ni bora kwa waumini kuliko nafsi zao, na kwamba mwenye kufa akiacha deni basi kulilipa ni juu yake, na mwenye kuacha mali basi ni ya warithi wake. Hazina ya umma ndiyo iliyombebea maskini deni lake. Kwetu mambo yamegeuzwa, na sasa maskini anazuiliwa swala ya mwisho ili hazina ijae.

Tena nimekuwa nikiiita ahadi ya saruji "deni" kwa ajili ya kurahisisha mjadala tu. Ahadi ya sadaka inayotolewa kwenye harambee, huku mwendeshaji akitaja majina na watu wakipiga makofi, si mkopo. Kuitimiza ni katika ukamilifu wa Mwislamu, na kuivunja bila udhuru ni aibu, lakini wanazuoni wengi hawakumpa aliyeahidiwa haki ya kuidai kama anavyodaiwa aliyekopa, na isipokuwa mtu ameweka nadhiri, mlango wa udhuru uko wazi. Mgonjwa wa kisukari anayeuza baiskeli yake ili anunue dawa ana udhuru. Sijui ni udhuru gani mwingine kamati ingeutaka.

Nije sasa kwenye neno la mimbarini, kwa sababu ndilo lililonisukuma kuandika kuliko hata lile la uani. Kwamba maulamaa ni warithi wa Mitume ni maneno ya hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, na sina tatizo nayo hata chembe. Ila hadithi yenyewe inaendelea kusema kwamba Mitume hawakurithisha dinari wala dirhamu, bali walirithisha elimu. Sheikh aliishia katikati. Na hata katika hiyo elimu, warithi hawakurithi kuhifadhiwa na makosa. Hilo halimo katika mirathi, na Imam Malik ndiye anayesimuliwa kuwa alikuwa akilionyesha kaburi la Mtume na kusema kwamba kila mtu neno lake huchukuliwa na huachwa isipokuwa mwenye kaburi hili. Abu Bakr, aliyekuwa mbora wa umma baada ya Mtume, alipopewa ukhalifa aliwaambia watu kwamba amepewa uongozi juu yao hali yeye si mbora wao, wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akipotoka. Kama Abu Bakr aliwaomba watu wamnyooshe, sheikh wa mtaa anawezaje kuliona hilo ni tusi?

Msomaji ninayemjibu atasema: vizuri, basi kama umeona amekosea na hakusikii, nenda kaswali kwingine, kwani Mbale haina uhaba wa misikiti. Hapa ndipo tunapoachana zaidi mimi na yeye.

Sahaba Abdullah bin Mas'ud alipata habari akiwa Mina, karibu na Makka, kwamba Khalifa Uthman ameswali rakaa nne badala ya kupunguza kama afanyavyo msafiri na kuswali mbili. Hakuficha alivyoona. Alisema "Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un," akaeleza kuwa aliswali hapo na Mtume rakaa mbili, na Abu Bakr rakaa mbili, na Umar rakaa mbili. Kisha akaswali nne. Alipoulizwa mbona umemlaumu Uthman halafu ukaswali nne kama yeye, akajibu kwamba kuhitilafiana ni shari. Wanaopenda utiifu hunukuu jibu hilo la mwisho peke yake, na wanaopenda ukosoaji hunukuu lawama peke yake, na kila upande unakwenda nyumbani umeridhika. Mtu huyo huyo, siku hiyo hiyo, alifanya yote mawili. Abdullah bin Umar naye aliswali nyuma ya Al-Hajjaj bin Yusuf, ambaye damu aliyoimwaga haina hesabu, na hakuna aliyedhani kwamba kwa kuswali nyuma yake alikuwa amemwidhinisha. Sheikh wetu, namshukuru Mwenyezi Mungu, si Al-Hajjaj. Ni mtu mpole kwa kawaida, aliyewafundisha wajukuu zangu alifu na be, na ambaye nadhani aliingiwa na hofu kwamba mradi wa ghorofa utamfia mikononi.

Kuhama msikiti kunaonekana kuwa suluhisho la amani, lakini historia yetu hapa Uganda haionyeshi hivyo. Enzi ya ukoloni wazee wetu waligombana juu ya kama aliyeswali Ijumaa anapaswa kuongeza adhuhuri, ambayo Waganda huiita zukuli, na jambo ambalo lingekaa kwenye vitabu vya fiqhi likazaa makundi mawili yenye viongozi tofauti, ambayo yaliishi hivyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1965, wakati wa Obote, kikaundwa chama cha NAAM, yaani Chama cha Kitaifa cha Kuwaendeleza Waislamu, chini ya Adoko Nekyon ili kushindana na upande wa Mwanamfalme Badru Kakungulu wa Kibuli, na siasa ikaingia msikitini kwa mlango wa mbele. Mwaka 1972 Idi Amin akaunda Baraza Kuu la Waislamu ili wote wawe chini ya paa moja, na paa hilo halikukaa muda mrefu bila kuvuja. Kisha ukaja mgogoro wa mali za Baraza katika miaka ya 2000, na kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo tuna Mufti katika makao ya Baraza huko Old Kampala na Mufti Mkuu wa upande wa pili huko Kibuli, na kila upande una makadhi wake na misikiti yake. Sisemi kwamba waliolalamikia mali hawakuwa na hoja. Nasema kwamba tumezoea kuamini kuwa hoja haijakamilika mpaka ijengewe msikiti wake. Katika kijiji kimoja nilichofundisha zamani, kabla sijastaafu, misikiti miwili ilikuwa imetazamana ng'ambo ya barabara, mmoja hauna paa na mwingine hauna sakafu, na Ijumaa vipaza sauti vyao vilikuwa vikizidiana nguvu hata huwezi kusikia hotuba ya upande wowote.

Mtu anaweza kunikumbusha vijana wa ikulu ya Kabaka Muteesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda. Kabaka alikuwa ameukubali Uislamu kwa namna yake, akafunga Ramadhani na kuamuru misikiti ijengwe, lakini vijana hao, katika miaka ya 1870, walikataa kuswali nyuma yake kwa kuwa hakuwa ametahiriwa, na wakakataa nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa, na wengi wao wakauawa Namugongo, muongo mmoja hivi kabla ya mashahidi Wakristo kuuawa huko huko. Nawaheshimu sana, na nasikitika kwamba watoto wetu wanakwenda shule miaka kumi na mitatu bila kuwasikia. Lakini wao waliona kwamba swala yenyewe haisihi, na aliyekuwa akiwaongoza alikuwa mfalme mwenye upanga. Sheikh wangu swala yake inasihi. Anajua kusoma, anajua hukumu za udhu, na hakuna nguzo anayoiangusha. Kosa lake ni la uamuzi, na kosa la uamuzi linajibiwa kwa hoja.

Kuhusu njia ya kwanza, ile ya kunyamaza, sihitaji maneno mengi, kwani nchi hii ina Kanungu. Tarehe 17 Machi 2000 huko Kanungu waumini wa kundi la kidini lililoongozwa na Kibwetere na Mwerinde waliteketea ndani ya kanisa lao, na makaburi yaliyofukuliwa baadaye katika nyumba za kundi hilo yalifikisha idadi ya waliokufa zaidi ya 700. Watu hao walikuwa wamekatazwa kuzungumza. Waliwasiliana kwa ishara za mikono, kwa madai kwamba anayesema sana atavunja amri ya kutoshuhudia uongo. Ni dhuluma kumlinganisha sheikh wa mtaa na watu wale na silifanyi hilo. Nawataja kwa sababu msomaji wetu aliandika kwamba kunyamaza mbele ya kiongozi wa dini "hakujamdhuru mtu." Angeandika hivyo akiwa anaishi nchi nyingine ningemwelewa zaidi.

Majirani zangu Wakristo, ambao baadhi yao walihudhuria mazishi yale na kuuliza maswali niliyoshindwa kuyajibu njiani, wana mifano yao. Mwaka 2018 marehemu Askofu Mkuu wa Kampala, Cyprian Kizito Lwanga, alipendekeza serikali iwakate Wakatoliki fungu la kumi katika mishahara yao, akitolea mfano Ujerumani. Nakumbuka jinsi Wakatoliki wenyewe walivyolipinga pendekezo hilo redioni na magazetini, wakamjibu kwa Biblia na kwa hesabu za ada ya shule. Jirani yangu, mwalimu mwenzangu, alikuwa mkali kuliko wote, na Jumapili iliyofuata alikuwa katika kwaya kama kawaida. Sikuwahi kumsikia mtu akimwambia kwamba ametoka katika Ukatoliki. Askofu Mkuu aliendelea kuheshimiwa mpaka alipofariki mwaka 2021, na waliompinga walikuwa miongoni mwa waliomlilia.

Yapo madhara ambayo msomaji wetu hakuyafikiria, na haya ndiyo yanayonikosesha usingizi. Mjane wa marehemu yuko katika eda. Alimtuma binti yake aniulize kama mumewe amezikwa Kiislamu au hapana. Hebu fikiria, Ndugu Mhariri, mwanamke aliyeishi na mtu huyo tangu ujanani, aliyekuwa akimwamsha kwa swala ya alfajiri, anakaa ndani na swali hilo. Nilimjibu kwamba swala ya jeneza ni faradhi ya kutosheleza, kwamba wakiisimamisha baadhi imewatosheleza wote, na kwamba swala iliyoongozwa na mwadhini haina upungufu wowote kwa sababu sheikh alikuwa karibu na mapipa. Nadhani alitulia. Mtoto wake mkubwa hakutulia. Kijana huyo, aliyesimama na kulibeba deni la baba yake mbele ya watu, hajakanyaga msikitini tangu siku ile, si kwetu wala kwingine. Nilipomfuata gereji anakofanya kazi alinisikiliza huku anafungua tairi, kisha akaniambia: "Mzee, dini ni ya sheikh. Mimi nimemwachia."

Huyu ndiye mtu ambaye mafundisho ya njia mbili yanamtengeneza. Amefundishwa tangu utoto kwamba anayempinga sheikh anaipinga dini. Sasa ameona kwa macho yake sheikh amekosea, na kwa kuwa hawezi kuyakataa macho yake, ameiacha dini pamoja na sheikh wake. Angefundishwa kwamba sheikh ni mtu anayesimama mbele ya safu kwa sababu lazima mmoja asimame mbele, na kwamba aliye nyuma ana wajibu wa kusema anapoona kosa, angekuwa na hasira ile ile lakini asingekuwa na haja ya kuondoka. Wanaodhani wanaulinda Uislamu kwa kumlinda kila imamu na lawama wanapaswa kwenda kuzungumza na vijana wa gereji.

Najua nitaulizwa kwa nini nasaha hii sikuitoa faraghani. Imam Shafi anahusishwa na beti mashuhuri za kuomba anasihiwe akiwa peke yake na asinasihiwe mbele ya watu, na mimi nazipenda na nilizifundisha. Nilikwenda kwa sheikh kwanza, siku ya tatu baada ya mazishi, nikiwa na mwadhini. Alitupokea vizuri, tukanywa chai, akatupa dalili zake nami nikampa zangu, na hakubadili rai. Hiyo ni haki yake. Lakini kukataa kwake kulitangazwa kwa kipaza sauti mbele ya watu wa dini zote, na hotuba yake ilisikika mpaka sokoni. Jambo lililofanywa kwa kipaza sauti haliwezi kutengenezwa sebuleni pekee, hasa pale ambapo waliojeruhiwa nalo hawakuwapo sebuleni.

Ninachoomba ni kidogo. Kamati ya msikiti iandike na kubandika ubaoni kwamba mchango wa ujenzi, uliolipwa au uliobaki, hauna uhusiano wowote na kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumzika Mwislamu. Hesabu za mradi zisomwe baada ya swala ya Ijumaa, kwani nina hakika kwamba nusu ya wanaochelewesha saruji yao wanangoja kusikia ile ya kwanza imekwenda wapi. Mifuko saba ya marehemu tumekwisha kuichanga watu kadhaa wa safu ya pili na kuipeleka kwa mweka hazina, si kwa sababu tunakubali kwamba ilikuwa deni, bali ili jina la fundi lifutwe kwenye daftari lile na mjane wake asilisikie tena likisomwa. Na sheikh, kama ataona inafaa, aende kwa mtoto wa marehemu mwenyewe, bila mjumbe. Kijana hafungui mlango kwa wajumbe.

Msomaji niliyemjibu namwomba anijibu jambo moja tu: angekuwa yeye ndiye amesimama safu ya kwanza siku ile, amemsikia mtoto akilibeba deni, na amemwona sheikh akitoka mbele ya jeneza, angesema nini, au angekwenda wapi na msala wake huku maiti akiwa bado uani?

Barua hii nimempa sheikh wangu nakala kabla ya kuituma kwako. Aliisoma yote nikiwa nimekaa, akaniambia kwamba mahali nilipomtaja Abu Qatada nimeeleza sawasawa, kwamba bado hakubaliani nami juu ya ahadi na deni, na kwamba huenda akaandika. Akiandika, naomba umpe nafasi kama hii uliyonipa mimi.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mbale, Uganda